Shangazi Anajibu: Mtoto hajui chenji, nimpeleke sokoni?

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Hesabu za daftarini anapata vema zote, lakini majuzi nilimtuma chumvi na kiberiti kwa noti ya elfu mbili, akarudi bila chenji na wala hakuona tatizo. Nataka niwe naenda naye Soko la Ilala kila Jumamosi. Baba yake anasema kule ni purukushani, ataokota matusi tu. Nianzie wapi?* – Mama wa Tabata

Marahaba, mwanangu. Baba aambiwe matusi yapo hata kwenye gari la shule. Mpeleke.

Kwanza hiyo chenji. Kaulize dukani, maana mara nyingi mwenye duka huwa hana sarafu, anasema "mwambie mama aje baadaye," na mtoto anasahau njiani. Mfundishe swali moja: "Chenji nachukua sasa, au mama atakuja?" Na akipewa, aihesabu palepale, kabla hajatoka. Muuzaji wa kweli hachukii kuhesabiwa hela mbele yake.

Mimi nimekaa nyuma ya meza ya genge Magomeni miaka mingi kabla ya kazi hii ya kalamu, kwa hiyo nakwambia tulivyokuwa tunawaona watoto. Anakuja mmoja, hela kaikunja ndani ya ngumi, anasoma karatasi: "Nyanya za elfu moja." Huyo hajanunua kitu, katumwa tu. Muuzaji ndiye anayemchagulia fungu, na kwenye fungu nyanya nzuri hukaa juu, iliyopondeka iko chini imetulia.

Kwa hiyo usimpe karatasi. Mpe hela na kitu kimoja kiwe chake, tuseme nyanya. Muulize kabla hamjafika: za mchuzi wa leo ngapi, za Alhamisi ngapi? Za leo ziwe nyekundu zilizoiva sawasawa, za Alhamisi ziwe na ubichi kidogo. Azipime kwa kuziweka kiganjani. Asizibonyeze kwa kidole gumba, tafadhali. Hilo linanitia hasira mpaka leo. Halafu aligeuze fungu mwenyewe aone la chini. Wewe kaa kimya. Akichagua vibaya mtakula hivyohivyo, nyanya moja iliyooza haijaua mtu.

Hesabu ya chenji ifanyeni nyumbani mezani, kwa noti zenyewe: tembo elfu kumi, faru elfu tano, simba elfu mbili, Mwalimu elfu moja. Shuleni anatoa kwa kukopa, anapanga tarakimu kushuka chini. Sokoni hakuna anayetoa hivyo, tunapanda. Vitunguu ni 1,300, umetoa faru. Sarafu ya mia mbili: elfu moja na mia tano. Ya mia tano: elfu mbili. Simba: elfu nne. Mwalimu: elfu tano, basi. Apande hivyo kwa sauti huku akishika kila kipande. Akishaizoea, hata muuzaji mwenye haraka hatamchanganya.

Kupatana bei, asikimbilie "punguza." Kitu cha fungu huombewa nyongeza: "Shikamoo mama, niongeze basi." Shikamoo itangulie, na hela aitoe kwa mkono wa kulia. Bibi aliyetandika mchicha chini, vifungu sita kwenye gunia, huyo msipatane naye kabisa; mtoto akuone ukilipa bei aliyoitaja.

Kwenye samaki mfunulie matamvua: yawe mekundu, jicho liwe angavu na limejaa, si limedidimia. Asiponusa na kuona mwenyewe, hawezi kulijua hilo kwa kuambiwa. Pakiti ya unga mwachie asome alama ya TBS, ile ya Shirika la Viwango, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Huko kusoma kwake kwa darasa la tatu kunatosha.

Ila Ilala isiwe ya kwanza. Anza na genge la mtaani kwenu, wiki mbili tatu, aende na wewe ukiwa umesimama pembeni. Ilala mwende asubuhi na mapema, kabla mikokoteni haijajaa njiani. Na kapu lenu mkononi, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019. Viazi chini, nyanya juu, na kapu apange yeye.

Kabla hamjatoka nyumbani, namba yako ya simu aitaje kwa kichwa mara tatu bila kukosea. Mkifika, mwonyeshe meza ya mama mmoja mnayemzoea: mkipotezana, aende pale akae, asikutafute. Wewe ndiye utakayemfuata.