Mtemi wangu aongee Kiswahili cha lini?

Swali: Ni mwalimu wa sekondari hapa Kongwa. Naandika tamthilia ya mtemi wa Kigogo anayeuzuia msafara wa pembe miaka ya 1870. Ili isikike ya kale nimewapa wahusika "mato", "mtima", "nti" na "nalikuwa". Kwenye mazoezi wanafunzi wanacheka. Nipunguze kiasi gani?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wana sikio zuri. Mato, mtima na nti ni maneno ya kale kweli, lakini ni ya washairi wa Lamu na Pate. Mtemi wa Ugogo angeyaokota wapi? Yaondoe yote. "Nalikuwa" inaeleweka, ila huku kwetu watu wameizoea kwenye Biblia. Mtemi akiirudia mara tatu, ukumbi utaanza kusubiri sadaka.

Kabla ya msamiati, amua nani anasema lugha gani. Mtemi akiwa ndani ya tembe na wazee wake anaongea Kigogo. Kiswahili unachomwandikia hapo kinasimama badala ya Kigogo hicho, kwa hiyo kiwe chepesi, chenye mafumbo na utani wa nyumbani. "Mbukwenyi" moja, salamu ya Kigogo, inatosha kutukumbusha tuko wapi. Kiswahili cha kale mpe mkuu wa msafara, mtu wa Mrima, yaani wa pwani, maana ni chake. Wakikutana, mtemi apitie kwa mkalimani, au ajikaze na maneno machache aliyoyashika kwa wapagazi.

Sasa nije kwenye kitu ninachokionea wivu katika mswada wako: hongo. Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, huko Tabora, iliwalipa watemi wa Ugogo nguo, shanga na nyaya ndipo ipite na kupata maji. Leo neno hilohilo ni rushwa. Mtemi akiuliza, "Hongo yangu iko wapi?", ukumbi utaguna. Waache wagune. Kisha nguo zitandikwe mbele ya kijiji kizima, mchana, mzee mmoja azipime kwa mkono wake: mikono minne shuka, shuka mbili doti. Akimaliza, wapagazi waruhusiwe kwenda kisimani. Usimpe mtu yeyote mstari wa kufafanua. Umemwandikia mkalimani hotuba nzima ya kueleza maana ya hongo. Ifute, hata kama ndiyo uliyoihangaikia zaidi.

Lililobaki ni kufagia maneno yaliyowahi kufika. Kirangozi wako, yule anayeongoza njia mbele ya msafara, anadai "hela", na hela imetokana na heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904. "Shule" nayo ni ya Wajerumani. Mtoto wa Mrima alipelekwa chuoni, yaani kusoma Kurani. "Wiki" iwe juma. "Changamoto" uliyomwekea mke wa mtemi, tafadhali!

Merikani na kaniki, ambazo ni nguo, na frasila, kipimo cha uzito, ziache, mradi kila moja inapotamkwa mara ya kwanza mwigizaji awe anaigusa au anaitua begani. Halafu wasomee wazee wa hapo Kongwa onyesho la hongo kabla hujalifunga. Watakuonyesha mahali ambapo mtemi wako amejibu kwa adabu na mtemi wa kweli angenyamaza.