Kijito kinachoingia Zigi: maji yanatoka wapi, na unayapimaje

SWALI: Shikamoo injinia. Niko Muheza, kijito chetu kinaingia mto Zigi. Kuna siku huku jua kali alafu maji yanashuka mengi, mekundu, ila kiangazi yanabaki madimbwi tu. Watu wanasema wa juu wanatuibia kwa pampu. Kidakio chetu (eneo lote ambalo maji yake yanashukia kijitoni) ntajuaje kinaishia wapi, na maji nayapimaje?

JIBU: Marahaba. Kabla hamjagombana na watu wa juu, pimeni kwanza.

Mipaka ya kidakio inafuata migongo ya vilima. Anzia pale kijito kinapoingia Zigi, panda kilima cha upande mmoja ufuate mgongo, kila hatua ujiulize tone likidondoka hapa linaelekea kwetu au kwa jirani, zunguka hivo hivo juu ya chanzo ushukie upande wa pili. Ukiwa na ramani ya 1:50,000 yenye mistari ya mwinuko unaanza nayo mezani, ila mguu usiuache, manake barabara na mitaro inahamisha maji na ramani haioni.

Hapo ndo utaelewa ile siku ya jua. Zigi inatoka Usambara Mashariki, pande za Amani, kule mvua inafika karibu milimita 2,000 kwa mwaka na inanyesha hata nyie mkiwa mnaanika nguo. Milimita 1 kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja, kwa hiyo mvua ya milimita 20 kwenye kidakio cha kilomita 3 tu za mraba ni lita milioni 60! Ardhi yenye msitu na majani yaliyooza inanyonya sehemu kubwa na kuitoa taratibu kiangazi, ila mteremko uliolimwa mpaka ukingoni unaachia yote kwa mkupuo pamoja na udongo mwekundu, na udongo huo unaenda kutuama bwawa la Mabayani ambalo Tanga mjini wanalitegemea kwa maji ya kunywa. Hili linaniuma sana.

Kupima sasa. Tafuta sehemu iliyonyooka mita 10, tupa chungwa (Muheza hamkosi), hesabu sekunde kwa simu, rudia mara tatu uchukue wastani. Pima upana, na kina sehemu kadhaa. Tuseme upana mita 1, kina wastani sentimita 20, chungwa limetumia sekunde 40: kasi ni mita 0.25 kwa sekunde, zidisha 0.85 kwa sababu maji ya chini yanaenda polepole kuliko ya juu, zidisha na eneo (upana mara kina) mita za mraba 0.2, unapata kama mita za ujazo 0.042, yani lita 42 kwa sekunde. Pampu ya inchi 2 inaweza kuvuta lita 8 mpaka 10 kwa sekunde, yani nne tano zikiwaka pamoja kijito kimeisha.

Pima Februari, siku moja, juu ya pampu ya kwanza na chini ya ile ya mwisho. Tofauti ikiwa kubwa, nendeni Bodi ya Maji Bonde la Pangani mkaulize nani ana kibali cha kutumia maji. Ila kama huko juu kwenyewe yashapungua, basi msiwasumbue wenye pampu, angalieni chanzo na zile mita 60 za ukingo ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inalinda, nani analima humo, na msishangae mkikuta na mashamba yenu yamo.