Maswali ya Wasomaji: Furu wekundu, furu wa bluu na dagaa wenye mayai

SWALI: Mhariri, salamu. Nafundisha biolojia sekondari wilayani Sengerema. Wanafunzi wangu wanashikilia kwamba furu (wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria) wa kina kirefu aliona giza, akajigeuza mwekundu ili aonekane. Niwasahihisheje? Tena, kuna kipimo tunachoweza kufanya wenyewe ziwani?

JIBU: Mwalimu, kosa liko kwenye hilo neno "akajigeuza". Samaki hachagui cha kurithisha. Katika kundi moja wapo wenye jicho linalonasa mwanga mwekundu vizuri kidogo na wapo wenye jicho linalonasa zaidi mwanga wa bluu. Mahali wanapoishi ndipo panapoamua nani ataacha watoto wengi.

Visiwa vya karibu na Mwanza vinalionyesha jambo hili vizuri. Maji ya Ziwa Victoria yana mwani na chembe za udongo zinazomeza mwanga wa bluu kwanza. Karibu na uso bluu bado ipo. Shuka mita chache, unaobaki ni wa rangi ya chungwa na nyekundu. Dume wa Pundamilia pundamilia, mwenye rangi ya bluu-kijivu, hukaa kwenye miamba ya juu. Ndugu yake Pundamilia nyererei (ndiyo, alipewa jina la Mwalimu Nyerere) ana mgongo mwekundu na hukaa chini zaidi. Majike wa chini wana protini ya jicho inayonasa wekundu vizuri, kwa hiyo dume mwekundu ndiye anayewang'aria. Wanapandana wao kwa wao, na baada ya vizazi vingi spishi zinaachana.

Sasa yatibue maji. Kisiwani Makobe, ambako unaona hadi zaidi ya mita 2 ndani ya maji, spishi hizi mbili ziko mbalimbali kabisa. Kisiwani Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, ambako huoni zaidi ya nusu mita hivi, utakuta madume wa rangi ya katikati, si wekundu si wa bluu. Maabara nako, majike waliowekwa chini ya taa iliyoficha tofauti ya rangi walipokea dume yeyote. Ndiyo maana mmomonyoko wa udongo mashambani unaweza kufuta spishi bila hata samaki mmoja kuvuliwa.

Kipimo ni sahani ya Secchi, inayoonyesha maji ni maangavu kiasi gani. Kata duara la bati lenye upana wa sentimita 20, ligawe robo nne, upake nyeusi na nyeupe kwa kupishana. Toboa katikati, pitisha kamba, ning'iniza jiwe la nusu kilo chini yake. Loweka kamba kabla ya kuitia alama kila sentimita 10, maana zipo kamba zinazorefuka au kusinyaa zikilowa, na vipimo vyote vikawa uongo. Pimeni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli, bila miwani ya jua. Andika kina sahani inapopotea, ivute polepole, andika inapoonekana tena, kisha chukua wastani. Kamba ikilala kwa mkondo wa maji, ongeza jiwe. Ikilala utasoma kina kirefu kuliko kilivyo. Mtazamaji awe yuleyule siku zote. Macho ya watoto wawili hayalingani.

SWALI: Nauza dagaa Musoma. Wazee wanasema zamani dagaa mwenye mayai alikuwa mkubwa kuliko wa sasa. Ni njaa au nini?

JIBU: Wazee wako sawa. Baada ya sangara kujaa ziwani miaka ya 1980, na uvuvi wa dagaa kupamba moto, dagaa walianza kupevuka wakiwa wadogo. Hesabu yenyewe ni rahisi: anayechelewa kutaga huliwa au huvuliwa kabla hajaacha mtoto, anayewahi ameshamaliza kazi. Ila usikimbilie kusema ni urithi mtupu. Chakula na joto la maji navyo huharakisha upevukaji, na mwili mdogo peke yake hautakwambia kipi ni kipi. Njia ya kutenganisha ni kuchukua mayai kutoka sehemu mbili ambako dagaa hupevuka kwa ukubwa tofauti na kulea vifaranga kwa maji, chakula na joto lilelile. Tofauti ikiendelea hadi kwa wajukuu wao, hapo ni urithi. Ikitoweka, basi ilikuwa mazingira tu.