Chumba cha bure Copenhagen

Salim, wewe na wenzio wa barazani hapo Wete mmeniuliza kama kweli huku Copenhagen, Denmark, kuna mtaa watu wanaishi bila kodi wala bosi, na kama mjomba wenu anaweza kuwatafutia chumba humo. Mtaa upo. Chumba sitafuti, na nakwambieni kwa nini.

Unaitwa Christiania. Mwaka 1971 vijana waliingia kwenye kambi ya jeshi iliyohamwa, wakakaa, serikali ikashindwa kuwatoa. Sasa wamo watu kama elfu moja. Gari haziingii. Nyumba haiuzwi wala hainunuliwi. Anayehama anaiacha, na majirani ndio wanaochagua nani aingie. Nyinyi nani atakuchagueni, na hamjulikani?

Na bure yenyewe haipo. Kila mtu mzima analipa mfuko wa pamoja kila mwezi. Mwaka 2012 ikabidi waanze kuinunua ile ardhi serikalini, kwa karibu milioni 76 za kroni, pesa za Denmark, na nyingi wakazikopa benki. Ndiyo, benki ile ile waliyoikimbia. Siwacheki, maana ardhi imewekwa chini ya mfuko, kama nyumba za wakfu za Mji Mkongwe, hapana mtu wa kuipiga mnada akatajirika peke yake.

Kinachochosha ni vikao. Hawapigi kura, wanazungumza mpaka wote waridhie. Mwenzangu wa kazini anakaa humo, na kesho yake baada ya kikao anakuja anapiga miayo tu. Ananambia bomba likipasuka kwa jirani mnalijadili mpaka usiku wa manane, na akitokea mmoja mbishi mnarudi wiki ijayo. Wewe Salim hata kikao cha harusi ya dada yako ulitoroka.

Halafu bangi. Iliuzwa hadharani miaka na miaka, na kwa kuwa hapana bosi, magenge yakajifanya mabosi. Agosti 2023 mtu akapigwa risasi akafa. Aprili 2024 wakaazi wenyewe wakang'oa mawe ya ile njia ya wauzaji bangi, kuikomesha biashara. Kuwafukuza wauzaji kuliwashinda muda mrefu, na wakaogopa hasa.

Lakini nisiwadhulumu. Mkesha wa Krismasi wanapika ukumbi mzima kulisha wasio na makazi na wapweke. Nimewahi kwenda kuosha masufuria. Hapana aliyeniuliza dini wala karatasi, na hayo huku si madogo.

Mimi naishi nje ya mtaa huo, nasafisha ofisi usiku, na kodi ya chumba inameza nusu ya mshahara. Kuja Denmark kunataka viza, na Christiania haitoi viza.

Yule wakala wa safari anayekudaini pesa msimpe hata senti. Mamako kaniambia mnataka mashine ya boti. Anzisheni upatu, mkishaanza kutia nami nitatia fungu langu, ila mashine iandikwe jina la kikundi, si lako.