Maswali na Majibu: Rangi, Alama na Udahili wa Udaktari Marekani

Shikamoo Mwalimu. Binti yetu kazaliwa huku, sisi wazazi ni watu wa Tanga. Sasa anaomba kusomea udaktari. Wenzetu wanasema ajaze tu kisanduku cha "mweusi", ataingia kirahisi. Ni kweli? (Baba, Minneapolis)

Marahaba. Hayo yamepitwa na wakati. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi za Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, ilivikataza vyuo kumpa mwombaji uzito kwa sababu ya rangi yake. Mwaka uliofuata idadi ya weusi walioanza udaktari ilishuka kwa zaidi ya asilimia 10.

Lakini Jaji Mkuu John Roberts aliandika pia kwamba mwombaji hakatazwi kueleza jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake. Kama binti amekuwa akimkalimania bibi yake hospitalini tangu utotoni, akaona mgonjwa anavyopuuzwa kwa kukosa Kiingereza, aliandike hilo kwenye insha, kwa kina. Tafadhali msimtungie dhiki ambazo hakuzipitia.

Weusi wanaingia na alama za chini kuliko Wazungu na Waasia. Je, si hatari kwa wagonjwa? Nimechoka kuona swali hili likikwepwa. (Msomaji, Mombasa)

Silikwepi. Pengo lipo. Mtihani wa kuingilia, MCAT, unaanzia alama 472 hadi 528. Miaka ya karibuni wastani wa weusi waliodahiliwa umekuwa karibu 506, na wa wenye asili ya Asia karibu 514.

Sasa tazama mtihani wenyewe. Ni saa saba na nusu pamoja na mapumziko, maswali 230. Sehemu tatu ni za sayansi, kila moja maswali 59 kwa dakika 95. Nyingine ni ya kusoma vifungu vigumu na kuvichambua. Anayeushinda ana akili, sikatai. Mara nyingi pia ana miezi kadhaa ya kukaa akisoma bila kufanya kibarua, ana pesa ya tuisheni, na nyumbani kuna mtu aliyewahi kuipita njia hiyo. Takriban robo tatu ya wanafunzi wa udaktari Marekani wanatoka katika asilimia 40 ya familia zenye kipato kikubwa zaidi. Mtoto wa mfanyakazi wa usafi wa hospitali anakaa kwenye mtihani uleule akiwa ametoka zamu ya usiku.

Kuhusu wagonjwa: alama za MCAT zinaashiria kiasi jinsi mtu atakavyofanya kwenye mitihani ijayo, na ndiyo maana siwezi kusema zitupwe. Lakini wengi mno wa waliodahiliwa na alama za kati wanamaliza masomo vizuri. Baada ya hapo mitihani ya leseni ni ileile kwa wote, na kiwango cha kufaulu hakiangalii rangi ya mtu.

Na usisahau upungufu huu ulitokea wapi. Mwaka 1910 ripoti ya Abraham Flexner, aliyekagua vyuo vya udaktari nchini humo, ilipendekeza kwamba kati ya vyuo saba vya udaktari vya watu weusi, vibaki viwili tu: Howard na Meharry. Vitano vilifungwa. Leo weusi ni karibu asilimia 13 ya Wamarekani, ilhali kwa madaktari hawafiki hata nusu ya kiwango hicho. Mgonjwa anaathirika. Huko Oakland, California, watafiti waliwapangia wanaume weusi madaktari kwa bahati nasibu. Waliopata daktari mweusi walikubali zaidi kupimwa, hasa vipimo vya kutoboa kidole na kutoa damu. Kisukari kisichopimwa kinaua, na hilo nalo ni suala la usalama.

Jirani yetu, kijana wa Kihindi, alipata 518 na vyuo vyote vikamkataa. Si kaonewa? (Mama, Dallas)

Pole zake. Inauma, na simwoni mjinga akilalamika. Ila hata wenye alama za juu kabisa wapo wanaokosa kila mwaka, kwa kuwa nafasi ni chache na kamati hupima pia insha, usaili na kazi za kujitolea.

Malalamiko haya ni ya zamani. Allan Bakke, mhandisi Mzungu aliyekwisha vuka miaka 30, alikataliwa mara mbili na chuo cha udaktari cha Davis, California, kilichotenga nafasi 16 kati ya 100 kwa makabila madogo. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliamuru adahiliwe, akaja kuwa daktari wa usingizi. Baadaye California ilipiga marufuku kabisa upendeleo wa rangi katika vyuo vya umma, kwa kura ya mwaka 1996. Davis wakaanza kupima ugumu alioupitia mwombaji: kipato cha familia, elimu ya wazazi, eneo alikokulia. Darasa lao likawa miongoni mwa yenye mchanganyiko mkubwa nchini. Naiunga mkono njia hiyo kwa moyo wote, kwa sababu inamwona pia maskini wa Kizungu na wa Kihindi.

Nina Divisheni One ya PCB. Naweza kuomba huko moja kwa moja? (Kijana, Morogoro)

Hapana. Marekani unatakiwa shahada ya kwanza kabla ya udaktari, na vyuo vingi havipokei wasio raia au wasio na grini kadi. Omba Muhimbili mapema.

Mwanangu kapata 503. Arudie? (Mama, Houston)

Wastani wa wanaodahiliwa ni karibu 512, hivyo kurudia kuna maana, lakini baada ya kujua alianguka wapi. Mwisho ni mara tatu kwa mwaka na saba maisha yote, na vyuo huona kila jaribio. Kama kipato chenu ni kidogo, aombe kwanza msaada wa ada kwa AAMC, chama kinachoendesha mtihani, kabla ya kujisajili, akishalipa hawamrudishii. Aangalie pia vyuo vya shahada ya DO, yaani udaktari wa osteopathia, njia ya pili ya kuwa daktari Marekani. Wastani wao wa alama ni wa chini kidogo, na wahitimu wao wana leseni kamili ya kutibu.