Eti Waarabu walihama wenyewe 1948?

Kaka hapo juu unasema Wapalestina walihama wenyewe 1948, kwenye vita vya kuundwa kwa Israel, eti redio za Waarabu ziliwaambia wapishe vita, sasa hiyo hata wanahistoria wa Israel wenyewe walishaichimba kwenye nyaraka za jeshi lao wakaona haisimami. Chukua mji wa Lydda, leo unaitwa Lod, pale karibu na eapoti ya Ben Gurion: Julai 1948 amri ya kuwatoa watu ilisainiwa na Yitzhak Rabin, huyuhuyu aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Israel, makumi elfu ya watu wa Lydda na mji jirani wa Ramle wakatolewa, wengi wakatembea kwa miguu juani na watoto mgongoni, wengine wakafia njiani kwa kiu. Kama huko si kufukuzwa basi sijui. Mji wa bandari wa Haifa ulikuwa tofauti kidogo, meya wake Myahudi Shabtai Levy aliwaomba Waarabu wabaki, ila mji ulishapigwa mizinga na habari za Deir Yassin, kijiji ambako wanamgambo wa Kiyahudi waliua wanakijiji Waarabu, zilishafika, nani angebaki?

Na dada unayesema Wayahudi wote walitoka Ulaya, hapana, malaki walitoka Iraki, Yemeni, Moroko na Misri, na wengi waliacha nyumba na maduka bila fidia. Ila mwenye nyumba wa Lydda hakumfukuza mtu Baghdad. Na hata aliyekimbia kwa woga wake tu, azimio 194 la UN, Desemba 1948, linasema anayetaka kurudi akaishi kwa amani na majirani aruhusiwe, halikuuliza aliondokaje.