Kabla ya Kuhesabu Kulungu, Uliza Ardhi ni ya Nani

Swali la wiki hii lilikuwa: mahali unapoishi panakupa au panakunyima nafasi gani ya kuwinda kulungu (yule ambaye Waingereza humwita deer, si kulungu wa vichaka vyetu), na je, ungehama kwa ajili hiyo? Najua majibu mengi yatataja sehemu zenye kulungu wengi na madume ya pembe kubwa. Sikatai kwamba wingi una maana yake. Ila kwangu mimi wingi ni jambo la tatu au la nne. Kuna mambo mawili yanayotangulia, nayo kulungu mwenyewe hana habari nayo: ardhi anayolala ni ya nani, na kitambulisho chako kinasema unakaa wapi.

Nianze na Marekani, maana huko tofauti hizi zinaonekana peupe. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu wa mkia mweupe walibaki chini ya nusu milioni, wengine wengi wakiwa wamemalizwa na wawindaji wa biashara. Leo kulungu wa nchi nzima wanakadiriwa kufika karibu milioni 30, na Texas peke yake inao kama milioni 5. Ukisikia hivyo utadhani mkazi wa Texas anaamka asubuhi, anachukua bunduki na kwenda zake. Sivyo. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi. Asiye na shamba, wala ndugu au rafiki mwenye shamba, hulipia haki ya kuwinda kwa msimu, mara nyingi kwa kuchangishana na wenzake. Ipo ardhi kidogo ya umma, na sehemu yake hupatikana kwa kura. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi katikati ya kulungu milioni 5 na asiwe na mahali pa kukaa na kuvizia.

Sasa geukia Nevada. Kiasi cha asilimia 80 ya ardhi huko iko chini ya serikali kuu. Unaegesha gari, unapanda mlima, na hakuna atakayekuuliza umetoka wapi. Lakini ni nchi kame. Kulungu wa huko, wale wenye masikio marefu kama ya nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, hawatoshi kila anayewataka, na vibali vya kuwawinda kwa kawaida hutolewa kwa kura. Ukikosa mwaka huu unaongezewa pointi, unasubiri mwaka ujao. Texas ina mnyama lakini mlango umefungwa. Nevada mlango uko wazi, ila unapanga foleni. Ukiniuliza lipi bora, nitakuuliza kwanza una pesa au una subira.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba kwa sheria za Marekani mnyamapori si mali ya mwenye shamba. Ni wa umma, na jimbo ndilo linalomsimamia kwa niaba ya wananchi wake. Mwenye shamba ana haki ya kukuzuia kukanyaga udongo wake, basi. Hapo ndipo vituko vinapoanzia. Katika karne ya 19 serikali iligawia kampuni za reli viwanja vya maili moja ya mraba kimoja baada ya kingine, kimoja cha kampuni, kinachofuata cha serikali, mpaka ramani ya sehemu kubwa ya Wyoming ikawa kama ubao wa drafti. Viwanja vya umma vimebaki vikigusana na vyenzake kwa pembe tu. Unaona ardhi yako, wewe mwananchi, iko hatua moja mbele, lakini hewa iliyo juu ya ile pembe inadaiwa kuwa ya tajiri mwenye viwanja viwili vya pembeni.

Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walikuja na ngazi, wakaitumia kuvuka pembe hizo bila mguu kugusa ardhi ya mtu. Walishtakiwa kwa kuingia mali ya mtu bila ruhusa, na mwaka 2022 baraza la mahakama likawaachia huru. Mwenye shamba naye alikuwa amefungua kesi ya madai. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya serikali kuu, ile inayosimamia Wyoming na majimbo mengine matano, ikaamua kwamba kuvuka pembe kwa namna ile ni halali. Mnyama yuleyule, mlima uleule, lakini nafasi ya mwindaji ilitegemea mahakimu wangeamua nini kuhusu ngazi. Mtu akiniambia uwindaji ni suala la kujua nyayo na upepo tu, mimi humtajia ngazi ile.

Jambo la pili ni ukazi. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na majimbo ya Marekani yameitekeleza methali hii kwa risiti. Mwaka 1976 mkazi wa Montana aliweza kununua leseni ya elki, yule kulungu mkubwa wa milima ya magharibi, kwa dola 9. Mtu wa nje alilazimika kununua leseni ya jumla, yenye elki, kulungu, dubu mweusi na ndege, kwa dola 225. Mkazi akitaka vyote hivyo alilipa dola 30. Wawindaji wa nje waliona wamebaguliwa, wakaenda mahakamani pamoja na mwongozaji mmoja wa misafara ya uwindaji aliyeitwa Baldwin. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1978 wakashindwa. Majaji walio wengi walisema kuwinda elki ni burudani, si haki ya msingi ambayo raia anaibeba kutoka jimbo moja hadi jingine. Uamuzi huo haujatenguliwa mpaka leo. Hata ada ikikubalika, idadi hubanwa: Arizona, kwa mfano, inawawekea wageni kikomo cha asilimia 10 kwenye kura zake.

Binafsi siwalaumu majaji wale. Mkazi ndiye anayegongana na kulungu usiku barabarani na kuona mahindi yake yakiliwa. Lakini tusijidanganye kwamba huo ni uwanja sawa. Iowa inasifika kwa madume makubwa, na mtu wa mji wa mpakani, ng'ambo ya mto tu, anaweza kusubiri kura kwa miaka huku jirani yake wa upande wa pili akinunua leseni kila mwaka kama anavyonunua mkate.

Alaska imekwenda mbali kuliko wote. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1980 iliwapa kipaumbele wakazi wa vijijini kuwinda kwa ajili ya chakula kwenye ardhi ya serikali kuu. Si rangi wala kabila kinachoangaliwa hapo. Ni mahali unapoishi. Mkazi wa Sitka anahesabiwa kuwa mtu wa kijijini, mkazi wa Juneau hahesabiwi, ingawa wote wawili wako kusini mashariki mwa jimbo hilohilo na wanawinda aina ileile ya kulungu wenye mkia mweusi. Panapotokea uhaba, wa Juneau ndiye anayepunguziwa kwanza. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Alaska ilisema sheria ya jimbo yenye upendeleo kama huo inakiuka katiba ya jimbo, na matokeo yake ni kwamba tangu 1990 serikali kuu inasimamia yenyewe uwindaji wa chakula kwenye ardhi yake. Kwa hiyo mwindaji wa huko analazimika kujua anasimama kwenye ardhi ya nani kabla ya kujua afuate kitabu kipi cha kanuni.

Ng'ambo ya bahari mambo yamepinduka. Ujerumani haki ya kuwinda inafuata ardhi. Ukiwa na eneo lako lililoungana la hekta 75 au zaidi, ni kiwanja chako cha kuwinda. Wenye vipande vidogo huunganishwa katika ushirika wa angalau hekta 150, nao kwa kawaida humkodisha mtu haki hiyo, na sheria inapendekeza mkataba usipungue miaka 9. Kabla ya hayo yote kuna mtihani mgumu wa wanyama, magonjwa, silaha na sheria. Na bado Wajerumani huua zaidi ya milioni 1 ya wale kulungu wadogo wa Ulaya kila mwaka. Kulungu wapo tele. Mkazi wa ghorofani mjini ndiye anayetakiwa kutafuta wa kumwalika.

Nyuzilandi ndiyo inayonifurahisha. Visiwa vile havikuwa na mamalia wa asili wa nchi kavu ila popo. Kulungu waliletwa na walowezi wa Kiingereza katika karne ya 19, wakazaana, wakaanza kuimaliza misitu. Serikali ikawatangaza waharibifu. Leo kiasi cha theluthi moja ya nchi ni ardhi ya hifadhi ya umma, na kwenye maeneo mengi yaliyo wazi kwa uwindaji unahitaji leseni ya silaha na kibali kisicho na malipo, bila msimu wala kikomo cha idadi. Mnyama ambaye Ulaya alikuwa wa wafalme, huko anatakiwa apungue. Na sisi Waafrika? Bara zima lina kulungu mmoja tu wa asili, yule wa milima ya mpakani mwa Algeria na Tunisia, tena wachache wa kulindwa. Hata hivyo swali la ardhi ni ya nani na leseni anapewa nani hatuna haja ya kufundishwa. Kenya ilifunga uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, Tanzania inaendelea nao kwa vitalu na leseni. Swala anayevuka mpaka hajui amebadilisha sheria.

Hali ya hewa na sura ya nchi ni muhimu pia, ingawa hapo angalau unaweza kujipanga. Kaskazini mwa Marekani madume hufukuzana na majike ndani ya wiki chache za Novemba, kwa sababu mimba huchukua kama siku 200 na mtoto lazima azaliwe majira ya joto yakianza. Kusini hakuna baridi ya kuwalazimisha: Alabama sehemu nyingi ni Januari, na kusini mwa Florida hufika hata Julai na Agosti. Mwindaji wa kaskazini akikosa likizo mwezi wa Novemba, amekosa kiini cha mwaka. Halafu kuna theluji. Baridi kali ikiandamana na theluji nzito huua kulungu wengi kaskazini mwa Maine, na vibali vya kuwinda majike hupunguzwa mwaka unaofuata.

Nchi tambarare yenye watu wengi ina kikwazo chake. Risasi ya raifali husafiri mbali, na pasipo kilima cha kuizuia itaingia nyumba ya mtu. Ndiyo maana Ohio na Iowa kwa muda mrefu ziliwabana wawindaji wa kulungu kwenye bunduki za marisau, za baruti ya kushindilia na upinde, kabla ya kulegeza kidogo kwa kuruhusu risasi fulani za mwendo mfupi. Ukihamia huko na raifali yako nzuri ya milimani, itabaki kabatini.

Siku za kazi nazo zimo. Pennsylvania ilizuia kuwinda kulungu Jumapili kwa zaidi ya karne nzima; sheria ya 2019 ikafungua Jumapili tatu, na mwaka 2025 katazo lililobaki likaondolewa. Kwa mtu anayefanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi, mabadiliko hayo yana uzito kuliko kuongezewa kulungu elfu kumi.

Ila sehemu ninayoona inadharauliwa kuliko zote ni viunga vya miji. Huko kulungu wanashiba maua ya watu, hawana mnyama wa kuwala, na ndiko wanakogongwa na magari. Bunduki haiwezekani: Pennsylvania, kwa mfano, inataka yadi 150 kutoka nyumba ya mtu bila idhini yake. Lakini kwa upinde kiwango hicho kinashuka hadi yadi 50, na hapo vichaka vingi vidogo nyuma ya nyumba vinafunguka. Shida ni kwamba lazima ubishe hodi. Nenda mchana, bila mavazi ya madoadoa, kabla msimu haujakaribia. Jitambulishe, sema utaegesha wapi na utaingia saa ngapi, omba kuwinda majike kwanza, na kubali jibu la hapana kwa tabasamu. Mwenye nyumba ambaye bustani yake imeliwa mara tatu hana sababu kubwa ya kukataa, isipokuwa hakujui. Mwindaji asiyependa kuongea na watu atalalamika hakuna pa kuwinda hata akiishi nyumba ya tatu kutoka kwa dume lenye pembe za ncha kumi.

Kuhusu kuhama: sipingi, watu huhama kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini usitegemee kuwa mkazi siku unayoshusha mizigo. Texas inataka miezi 6, Montana siku 180, Alaska miezi 12, Wyoming mwaka mzima. Kwa hiyo msimu wa kwanza huenda ukalipa bei ya mgeni ukiwa nyumbani kwako. Pointi ulizokusanya kwenye kura za jimbo moja hazihesabiwi kwenye jimbo jingine. Na ukitaka kurudi na nyama kule ulikotoka, angalia kwanza kanuni za ugonjwa wa kukondesha kulungu, ule uliogunduliwa Colorado mwaka 1967: majimbo mengi hayaruhusu kuingiza kichwa kizima wala uti wa mgongo, kwa hiyo mchune na umtoe mifupa kabla ya kuvuka mpaka.